Muulize Mwalimu: Meza Thelathini za Seremala Popper

Makala yangu ya mwezi uliopita kuhusu Karl Popper, mwanafalsafa wa sayansi, imeniletea barua nyingi kuliko nilivyotarajia. Nilidhani wasomaji wangu wanapenda nyota na volkeno tu. Siwezi kujibu zote, kwa hiyo nimechambua chache, na naanza na ile iliyonichoma.

Mwalimu, shikamoo. Uliandika kwamba Popper alikuwa mwanachama wa Duara la Vienna. Mhadhiri wetu anasema si kweli. Tumwamini nani?
*Mwanafunzi wa falsafa, mwaka wa pili*

Marahaba, mwanangu. Mwamini mhadhiri wako. Nilikosea.

Duara la Vienna lilikuwa kundi la wanasayansi na wanafalsafa waliokutana Alhamisi jioni chini ya Moritz Schlick. Mtu aliingia kwa kualikwa, na Popper, ingawa alizaliwa na kukulia mji huohuo na alifahamiana na baadhi yao, hakualikwa. Otto Neurath, mmoja wa vigogo wa Duara, alimpachika jina la utani: "upinzani rasmi". Wao walishikilia kwamba sentensi isiyoweza kuthibitishwa haina maana. Popper aliwaambia wamelenga pasipo, kwamba sayansi haijulikani kwa kuthibitishwa bali kwa kujiweka mahali inapoweza kuangushwa, na kwamba yasiyo sayansi si lazima yawe upuuzi.

Nilijikwaa hivi. Kitabu chake cha kwanza, *Logik der Forschung* (yaani Mantiki ya Utafiti), kilitoka mwishoni mwa 1934 (ndani kimepigwa mwaka 1935) katika mfululizo ambao Schlick alikuwa mmoja wa wahariri wake. Nikaona jina la Schlick, nikajumlisha kwamba na Popper ni mmoja wao. Basi nimepatikana na kosa lilelile ambalo mtu ninayemwandika alilipiga vita maisha yake yote.

Nyongeza ndogo kuhusu kitabu hicho, kwa kuwa haikupata nafasi mwezi uliopita: mchapishaji alikataa kuzidisha kurasa 240 au hivi, na muswada ulikuwa mnene mno. Aliyeukata ni mjomba wake Popper, Walter Schiff, mtu wa takwimu na uchumi. Alifyeka karibu nusu nzima. Kila nikikisoma huwa namwombea dua mjomba huyo.

Mwalimu, mimi ni fundi seremala, shule yangu ni ndogo. Binti yangu kanisomea makala yako, anasema huyo mwanafalsafa alikuwa seremala mwenzangu. Ni kweli au mnatupamba? Na kama ni kweli, alikuwa fundi mzuri?
*Baba Zuhura*

Fundi, ni kweli, na hapana, hakuwa mzuri. Nikupe kisa kizima maana ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika maisha yake, na naona aibu kwamba mwezi uliopita nilikigusa kwa sentensi moja.

Popper alizaliwa Vienna tarehe 28 Julai 1902, kwenye nyumba iliyojaa vitabu kila mahali isipokuwa chumba cha kulia chakula. Baba yake, Simon, alikuwa mwanasheria mwenye maktaba ya maelfu ya vitabu. Kisha ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, na baada ya vita mfumuko wa bei ukateketeza akiba ya familia. Kijana akaacha shule akiwa na miaka 16, akawa anaingia mihadhara ya chuo kikuu kama msikilizaji tu. Alijaribu kazi ya kutengeneza barabara, ikamshinda mwili. Ndipo mwaka 1922 akaenda kujifunza useremala kwa fundi mmoja mzee aitwaye Adalbert Pösch.

Bwana Pösch, fundi, nadhani unamjua. Kila karakana inaye. Alikuwa mtu anayejua kila kitu duniani. Alimwambia mwanafunzi wake: niulize lolote utakalo, mimi najua yote. Alijua nani aligundua viatu vya buti ndefu. Kwa miaka mingi alikuwa anahangaikia mashine inayozunguka milele bila kutiwa nguvu, na alikuwa na jibu kwa wenye kumcheka: wanasema haiwezekani, lakini siku itakapokamilika watasema mengine. (Kumbukeni mashine hiyo, tutairudia chini.)

Popper alikaa kwake hadi 1924 akahitimu. Miaka mingi baadaye, akiwa profesa mwenye jina, aliandika kwamba nadharia ya maarifa aliifunzwa zaidi na mzee huyo kuliko na mwalimu yeyote mwingine, kwa sababu kumsikiliza mtu asiyekosea kamwe kulimfundisha yeye mwenyewe anajua kidogo kiasi gani. Hakuandika kwa kejeli. Alimpenda yule mzee.

Na ufundi wake je? Kazi ya mwisho waliyopewa ilikuwa meza za kuandikia thelathini, za mbao za mahogani, zenye droo tele. Popper mwenyewe anakiri kwamba baadhi ya meza zilikuwa na kasoro, na polishi yake hasa ilikuwa mbaya, kwa sababu akili yake haikuwa kwenye mbao, ilikuwa inawaza mtu anajuaje kwamba anajua. Akaona bora achague moja.

Hakurukia uprofesa, lakini. Alifanya kazi na watoto waliotelekezwa, akasomea ualimu, akapata shahada ya udaktari mwaka 1928, mwaka uliofuata akafaulu mtihani wa kufundisha hesabu na fizikia, na mwaka 1930 akamwoa Josefine Henninger, mwalimu mwenzake ambaye jamaa walimwita Hennie. Kitabu kile kikubwa alikiandika akiwa mwalimu wa shule. Kazi ya kufundisha falsafa hakuipata mpaka 1937, akiwa na miaka 34, na ilibidi avuke dunia nzima kuifuata: Christchurch, New Zealand. Huko alielemewa na vipindi, na wakubwa wake wakamwambia kwamba muda anaotumia kwenye utafiti ni muda anaowaibia wanafunzi. Nimewahi kuambiwa jambo la kufanana na hilo na mkuu wangu mmoja. Tofauti ni kwamba yeye aliendelea, akaandika *The Open Society and Its Enemies* (Jamii Huria na Maadui Zake), juzuu mbili, na Hennie akaupiga chapa muswada huo tena na tena. Ulitoka 1945.

Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliobatizwa kabla hajazaliwa. Ubatizo huo usingemsaidia kitu kama angebaki Vienna. Jamaa zake kumi na sita waliuawa na Wanazi.

Mwalimu, naomba unieleze kwa Kiswahili cha kawaida hii "kukanushika". Nimesoma mara tatu, naona kama Popper anasema nadharia nzuri ni ile iliyo ya uongo!
*Msomaji wa tangu toleo la kwanza*

Usijilaumu, nililiandika vibaya. Kukanushika si kukanushwa. Nadharia inakanushika ikiwa inasema wazi: mkiona jambo fulani, mimi nimeanguka. Huenda jambo hilo lisionekane kamwe na nadharia ikadumu miaka elfu. La msingi ni kwamba imetoa shingo.

Twende mwaka 1919, maana ndipo wazo lilipozaliwa. Popper ana miaka kumi na sita, karibu kumi na saba. Vienna inachemka. Yeye mwenyewe amekuwa mkomunisti kwa miezi michache. Mwezi Juni polisi wanawafyatulia risasi waandamanaji wasio na silaha, vijana wanakufa mbele ya macho yake, na wenzake chamani wanamwambia ni sawa, mapinduzi yanahitaji damu, historia imekwisha kuamua. Anajiuliza: nani kawaambia? Wamejuaje?

Mwaka huohuo anajitolea kwenye kliniki za watoto za Alfred Adler, yule mwanasaikolojia wa hisia ya unyonge. Siku moja anamweleza Adler habari za mtoto mmoja ambaye, kwa maoni ya Popper, haingii vizuri kwenye nadharia hiyo. Adler hajamwona mtoto, lakini anamfafanua papo hapo: unyonge. Popper anauliza una uhakika gani? Adler anajibu: kwa uzoefu wangu wa mara elfu. Na kijana, mdomo wake haukuwa na breki hata wakati huo, anamwambia basi sasa uzoefu wako umekuwa wa mara elfu na moja.

Sasa weka pembeni yake jambo la tatu. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa, na Waingereza walikuwa wamepeleka watu na darubini kisiwa cha Príncipe, pwani ya magharibi ya Afrika, na Sobral, Brazili, kupiga picha nyota zinazoonekana kando ya jua. Einstein alikuwa ametangaza mapema kwamba mwanga wa nyota hizo utapinda kwa takriban sehemu moja ya elfu mbili ya digrii moja. Hesabu za Newton zilitoa nusu ya hapo. Picha zingetoka na namba ya Newton, au zisionyeshe kupinda kokote, Einstein angekuwa amekwisha, na hakuwa na pa kujificha. Matokeo yalipotangazwa London mwezi Novemba, yalimwangukia Einstein.

Kilichomshangaza Popper si ushindi. Ni hatari aliyoichukua. Adler asingeshindwa kamwe. Mtu akimsukuma mtoto majini, ni unyonge, anataka kujionyesha ana nguvu. Akijitosa kumwokoa, ni unyonge, anataka kujionyesha ana ujasiri. Watu waliona huko kueleza kila kitu ndiko nguvu ya nadharia. Popper akasema hapo hasa ndipo ilipo ndwele.

 

Nafundisha fizikia. Kama nadharia ikishindwa mara moja tunaitupa, basi maabara yangu imemkanusha Newton kila wiki kwa miaka kumi na miwili. Popper aliwahi kushika pendulamu kweli?
*Mwalimu mwenzako*

Nimecheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Alishika, mwenzangu, alikuwa mwalimu wa fizikia kama sisi. Lakini umegusa penye donda, na wakosoaji wake wakubwa wamesimama hapohapo ulipo wewe.

Nikupe kisa changu. Katika miaka yangu 28 darasani, wanafunzi wengi waliandika 9.8, ile namba ya mvutano wa dunia inayotarajiwa kwenye jaribio la pendulamu, kwenye daftari kabla kipira hakijaanza kubembea kwenye uzi. Mwaka mmoja binti mmoja akaniletea 9.2. Nikamwambia rudia. Akarudia, 9.2. Nikamwambia una haraka, rudia. Akakataa. Akasema, "Mwalimu, mimi nimehesabu mizunguko hamsini, wewe hujahesabu hata mmoja." Kweli tupu. Tukakaa chini. Kumbe alikuwa amepima uzi hadi juu ya kipira badala ya hadi katikati yake. Uzi wake ulikuwa sentimita 37 na nusu, kipira kilikuwa na nusu kipenyo cha sentimita 2 na nusu, kwa hiyo urefu halisi ulikuwa 40. Piga hesabu, utaona inatoka 9.2 barabara.

Hapo unaweza kusema: ehee, mmemwokoa Newton kwa kisingizio. Ndiyo, lakini kisingizio chenyewe kilikuwa kinakanushika. Kama kweli tatizo ni zile sentimita 2 na nusu, basi uzi ukirefushwa kosa lazima lipungue. Tukafunga uzi wa karibu mita moja, akapima vilevile kwa makosa, ikatoka 9.6 hivi. Laiti ingebaki 9.2, kisingizio chetu kingekufa siku hiyo.

Popper alilijua hilo. Hakukataza kuitetea nadharia. Alikataza utetezi ambao haufungui mlango wowote mpya wa kushindwa. Sayari ya Uranus ilipoonekana haifuati njia ya Newton, Le Verrier, mtaalamu wa nyota, hakumtupa Newton. Alisema ipo sayari nyingine inayoivuta, tazameni mahali fulani. Tarehe 23 Septemba 1846 mtaalamu mwenzake, Galle, akaelekeza darubini kutoka Berlin, akaikuta Neptune chini ya digrii moja kutoka mahali alipoambiwa. Le Verrier akanogewa. Utaridi nayo ilipoleta ukaidi, akatabiri sayari nyingine karibu na jua, wakaipa hadi jina, Vulcan. Ilitafutwa miaka na miaka. Haipo. Safari hiyo mkosaji alikuwa Newton mwenyewe, na aliyelipa deni ni Einstein mwaka 1915.

Tatizo, na hapa nakubaliana nawe kuliko ninavyokubaliana na Popper, ni kwamba asubuhi ya siku yenyewe hujui kama unatafuta Neptune au Vulcan. Imre Lakatos, aliyefanya kazi naye idara moja London, alilishika jambo hili na kujenga falsafa yake juu yake: usihukumu nadharia moja kwa jaribio moja, hukumu ukoo mzima wa nadharia kwa muda mrefu, uone unazaa au umekauka. Naona Lakatos yuko karibu zaidi na maabara yako na yangu. Lakini bila Popper asingekuwa na cha kusahihisha.

Eti Wittgenstein alitaka kumpiga Popper kwa chuma cha moto?
*Mpenda ugomvi*

Tarehe 25 Oktoba 1946, chuo cha King's, Cambridge, chumba H3, Popper alikuwa mgeni mzungumzaji. Wittgenstein, mwanafalsafa mwenzake na mwenyekiti wa kikao, alikuwa na chuma cha kuchokolea makaa mkononi, anakitikisa akisisitiza hoja. Popper anasema aliulizwa atoe mfano wa kanuni ya maadili, akajibu: usiwatishie wageni kwa chuma cha makaa, na Wittgenstein akatoka akibamiza mlango. Baadhi ya waliokuwemo wanasema Wittgenstein alikuwa ameshatoka sentensi hiyo ilipotamkwa. Chumba kilijaa wanafalsafa, Bertrand Russell akiwa mmoja wao, na hawakuweza kukubaliana kuhusu dakika kumi. Hawakukutana tena.

Nimesoma mahali kwamba Popper alikuwa mkali, havumilii kupingwa. Mtu anayehubiri kukosolewa awezaje kuchukia kukosolewa? Si unafiki huo?
*Mama wa watoto wanne, mwanafunzi wa masafa*

Mama, barua yako nimekaa nayo siku tatu.

Ni kweli alikuwa mkali. Alifika London School of Economics Januari 1946, akawa profesa wa mantiki na mbinu za sayansi mwaka 1949, akastaafu 1969. Semina yake ilikuwa na sifa mbaya mjini: msemaji alisoma sentensi mbili tatu, Popper akaingilia, na saa nzima ikaishia kwenye ukurasa wa kwanza. Sigara hazikuruhusiwa kabisa, moshi ulimdhuru, na enzi hizo profesa bila kiko alikuwa nusu profesa. Utani uliozunguka hapo ulikuwa kwamba kile kitabu chake kingeandikwa jalada hivi: *Jamii Huria*, kimeandikwa na mmoja wa maadui zake. Lakatos alikosana naye. Paul Feyerabend, aliyekuwa mwanafunzi wake, naye akawa mpinzani wake. Orodha ni ndefu.

Lakini nitazame na upande wa pili. Alipokuwa New Zealand alifahamiana na John Eccles, mtafiti wa neva (mishipa ya fahamu) aliyekuwa Dunedin. Eccles alishikilia kwamba neva hupashana habari kwa umeme tu, na ushahidi ulikuwa unaanza kumgeuka. Popper akamwambia asihuzunike, aiandike nadharia yake kwa ukali kadiri awezavyo kisha yeye mwenyewe awe wa kwanza kujaribu kuiangusha. Mwaka 1951 Eccles alifanya jaribio lililoiua nadharia yake mwenyewe. Akahamia upande wa waliosema neva hupashana habari kwa kemikali, na mwaka 1963 akashiriki Tuzo ya Nobel. Alimshukuru Popper hadharani maisha yake yote.

Na Popper naye, angalau mara moja, alimeza dawa yake. Kwa miaka alisema uteuzi asilia wa Darwin haupimiki, si nadharia ya sayansi hasa. Wanabiolojia wakampinga. Mwaka 1977, kwenye mhadhara Cambridge, akiwa na miaka 75, alisimama akasema amebadili mawazo, nadharia hiyo inapimika, na anafurahi kupata nafasi ya kukiri. Wanaopenda kumtumia dhidi ya Darwin hadi leo hunukuu maneno ya kwanza na kuyanyamazia ya pili.

Unafiki? Mimi naona ni kama daktari mvuta sigara. Ushauri wake kuhusu mapafu yako uko palepale, ila usikae naye chumba kimoja. Na pengine, hili ni wazo langu tu, mtu anayekubali kukosolewa kwa urahisi asingelazimika kuandika vitabu vinene hivyo kuhusu ugumu wake. Alifariki tarehe 17 Septemba 1994. Hennie alikuwa ametangulia mwaka 1985, na majivu yake Popper yalipelekwa Vienna kuzikwa karibu naye.

Mwalimu, nimekutumia kwa mara ya nne michoro ya mashine yangu ya kuzunguka bila mafuta wala umeme. Mbona hujibu? Au na wewe umenunuliwa?
*Mvumbuzi*

Ndugu Mvumbuzi, sijanunuliwa, hakuna aliyefika bei. Kurasa zako zote ninazo. Mara ya kwanza ulisema haizunguki kwa sababu beringi ni kavu. Ya pili, sumaku ni dhaifu. Ya tatu, hewa ya chumba. Sasa unasema inahitaji gurudumu kubwa zaidi. Nakurudishia michoro kwa posta. Juu ya ukurasa wa kwanza nimekuachia mistari miwili mitupu. Andika hapo ni kitu gani kikitokea utakubali kwamba haifanyi kazi, kisha uniletee tena. Nitaisoma siku hiyohiyo.